Umeme umekatika na stoo ya chini inajaa: jenereta, inverta au pampu ya betri?

Kigoma mjini nyumba nyingi zimekatiwa kwenye mteremko. Ukiingia kutoka barabarani uko dukani, ukishuka ngazi uko stoo: magunia ya sukari, madumu ya mawese, saruji, dagaa. Ukuta wa nyuma wa stoo hiyo umeegemewa na kilima, na kuanzia Novemba hadi Aprili kilima hicho hunywa maji na kuyatoa popote penye ufa. Wengi wameshachimba kishimo pembeni na kuweka pampu ya kuzama yenye boya. Inafanya kazi vizuri, mpaka usiku wa radi umeme unapokatika na mvua ndiyo kwanza inakolea.

Hilo si bahati mbaya tu. Upepo uleule unaoleta mvua ndio unaoangusha matawi juu ya nyaya, na radi za ukanda huu wa Maziwa Makuu ni nyingi na kali. Gridi ya taifa imefika, enzi za mji kutegemea majenereta ya dizeli peke yake zimepita, lakini nyaya za mtaani ni zilezile na miti ni ileile. Pia usisahau LUKU: uniti zikiisha saa nane usiku, pampu haijui tofauti.

Njia zinazouzwa na kushauriwa zaidi ni tatu: jenereta ya petroli, inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) yenye betri, na pampu ya pili ya volti 12 yenye betri yake. Zipo nyingine mbili za pembeni, tutazipitia haraka. Hakuna iliyo bora kwa kila nyumba. Kinachoamua ni namba mbili tatu ambazo wengi hununua vifaa bila kuzijua.

Pima kwanza

*Maji yanaingia kwa kasi gani?* Hili ndilo kubwa kuliko yote. Siku ya mvua nzito, zima pampu, weka alama ya chaki kwenye ukuta wa kishimo usawa wa maji, kisha angalia saa. Kishimo cha sentimita 60 kwa 60 kina lita 3.6 kwa kila sentimita moja ya kina. Maji yakipanda sentimita 10 kwa dakika tatu, zimeingia lita 36, yaani lita 12 kwa dakika. Sasa washa pampu uone inachukua muda gani kushusha maji kutoka pale boya linapowasha hadi pale linapozima. Ikishusha sentimita 25 kwa dakika moja, imetoa lita 90 zilizokuwemo na zile 12 zilizoingia wakati inafanya kazi: kama lita 100 kwa dakika. Kwa hiyo pampu yako inahitajika dakika saba hivi tu katika kila saa. Mwenye maji ya lita 40 kwa dakika anaihitaji dakika 24. Hao wawili hawawezi kununua betri moja, hata kama pampu zao ni za kampuni moja na zimetoka duka moja.

*Ni maji ya aina gani?* Maji ya mvua yanayoshuka kilimani huja kwa fujo na kupungua saa chache baada ya mvua kukatika. Maji ya chini ya ardhi ni mengine kabisa. Maeneo ya karibu na ufuko, na mabondeni kama Katubuka ambako maji hayana njia ya kutokea, hupenya taratibu usiku na mchana kwa wiki nyingi. Ziwa Tanganyika lenyewe hupanda na kushuka kila mwaka, na kilele chake huwa karibu Aprili na Mei, wakati mvua zinaaga. Miaka ya kuanzia 2020 lilipanda kupita kawaida na kuingia kwenye majengo ya ufukweni. Aliye huko asipange akiba ya saa sita. Apange gharama ya kila siku.

*Unayapandisha kimo gani?* Pima wima, kutoka usawa wa maji kishimoni hadi mdomo wa bomba unakomwagia. Ile "lita 10,000 kwa saa" iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Kwa mita 4 au 5 pampu nyingi za nusu hosipawa hubaki na nusu yake, na ukitumia bomba la inchi moja unapunguza tena. Weka inchi moja na robo au moja na nusu.

*Nani atakuwepo?* Kama usiku stoo imefungwa na hakuna mlinzi, kila kifaa kinachotaka kuvutwa kamba kimeshajitoa kwenye mashindano.

*Umeme huchukua muda gani kurudi?* Usichukue wastani. Chukua ule uliochelewa kuliko yote msimu uliopita.

Jambo moja zaidi kabla ya kufungua pochi: kama uko kwenye mteremko, huenda maji yanaweza kutoka yenyewe. Chukua mpira wa levo wa fundi ujenzi, ule wa plastiki unaoonyesha maji ndani, upime kutoka sakafu ya stoo kushuka upande wa chini wa kiwanja. Kilima kikishuka mita moja kwa kila mita kumi, na sakafu ya stoo iko mita 2.5 chini ya ardhi pale unapoanzia, bomba la inchi nne lililolazwa kwa mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita litatokea nje baada ya mita 28 hivi. Bomba hilo halihitaji umeme, betri wala petroli. Tatizo lake ni mipaka: mita 28 mara nyingi zinaishia kwa jirani, na kumwagia jirani maji ni kesi ya mwenyekiti wa mtaa kabla msimu haujaisha. Ukifanikiwa kuliweka, ziba mdomo kwa wavu wa chuma kuzuia panya na vyura, na kila Oktoba pitisha waya kuondoa mizizi na matope.

Jenereta ya petroli

*Nguvu.* Hapa jenereta haina mpinzani. Ya kVA 2 hadi 2.5 inaendesha pampu ya nusu hosipawa, taa na friji ya soda. Lakini soma vibati vizuri. Pampu iliyoandikwa wati 370 inazungumzia kazi inayotoka kwenye mota. Kutoka kwenye soketi inavuta wati 500 hadi 600. Kwenye kibati namba unayoitaka ni P1 (umeme unaoingia), siyo P2 (kazi inayotoka). Na sekunde ile inapoanza huvuta mara tatu au zaidi ya hapo. Ndiyo maana vile vijenereta vidogo vya wati 650, vinavyochanganyiwa oili kwenye petroli, vinawasha televisheni vizuri kabisa, ila ukichomeka pampu vinaguna na kuzima. Pampu inayoguna bila kuzunguka inajipasha moto na kuungua, kwa hiyo kijenereta hicho cha bei poa kinaweza kukugharimu pampu pia.

*Muda.* Injini ndogo ya aina hiyo hutumia karibu lita 0.8 hadi moja kwa saa ikiwa na mzigo mwepesi, na inaendelea kunywa hata pampu ikipumzika. Tangi la lita 12 ni kama saa 15 kwa makadirio mazuri. Ukiwa na dumu la akiba, unaweza kwenda siku mbili, tatu, na hapo hakuna betri ya bei ya kawaida inayokufikia.

*Gharama.* Kununua ni nafuu ukilinganisha na nguvu unayopata. Kuendesha ndiko kunakouma. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ukitazama jedwali lake Kigoma huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji. Piga lita kwa saa, mara saa za giza, mara usiku wa mvua kwa msimu. Kwa mwenye maji ya chini ya ardhi yasiyokoma, hesabu hiyo inatisha.

*Nani anaiwasha.* Mtu. Zipo zenye kuwaka zenyewe umeme ukikatika, lakini ni za bei nyingine na zinataka betri yake nzima muda wote.

*Kinachoharibika.* Kabureta, karibu kila mara. Petroli iliyolala miezi ndani hugeuka kitu kama gundi na kuziba tundu dogo la kabureta, kisha usiku wa shida unavuta kamba mpaka bega linauma. Dawa ni rahisi: kila mwezi iwashe dakika 15 ikiwa na mzigo, halafu funga koki ya mafuta uiache izime yenyewe ikimaliza kilichomo. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi, baada ya hapo kila saa 100. Na petroli ya dumu isikae zaidi ya miezi miwili mitatu. Itie kwenye pikipiki, ununue nyingine.

Yako mawili yasiyo na mjadala. Jenereta haiingii stoo, wala kwenye ngazi za stoo, wala chini ya dirisha lililo wazi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha chini hujaa haraka. Iweke nje, mita sita hivi kutoka milango na madirisha, chini ya kibati kinachokinga mvua lakini kilicho wazi pande zote. Pili, usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili. Umeme wako utatoka nje kupitia mita, utapanda transfoma na kumkuta fundi wa TANESCO akiwa juu ya nguzo. Funga chenjiova, swichi ya kuchagua ama umeme wa TANESCO ama wa jenereta, au endesha pampu kwa waya wake moja kwa moja kutoka kwenye jenereta.

*Inamfaa* mwenye maji mengi ya ghafla, mwenye mlinzi au mtu anayelala hapohapo, na mwenye vitu vingine vya kuwasha: gesti, hoteli, duka la samaki lenye friza.

Inverta na betri

*Nguvu.* Kwa pampu ya nusu hosipawa tafuta inverta ya wati 1,500 hadi 2,000 inayoweza kuhimili mara mbili ya hapo kwa sekunde chache, na iwe ya mawimbi laini (pure sine wave). Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya ngazi huendesha balbu bila shida, lakini mota hupata joto na kuvuma nazo. Mwombe muuzaji aiwashe pampu yako mwenyewe pale dukani, imo ndani ya pipa la maji, kabla hujalipa.

*Muda.* Turudi kwenye ile hesabu ya kishimo. Betri moja ya sola ya N100 (volti 12, ampea-saa 100), ya maji au jeli, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ukitaka idumu unatumia nusu, na inverta inakula sehemu yake, kwa hiyo unabaki na kama 510. Kwa maji ya lita 12 kwa dakika, pampu ya wati 550 inafanya kazi asilimia 12 ya muda, yaani wastani wa wati 66. Ongeza kama 20 za inverta yenyewe kukaa macho. Saa sita, basi. Kwa lita 40 kwa dakika betri hiyohiyo inakupa saa mbili tu. Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule inakaribia kuziongeza saa hizo mara mbili, kwa kuwa inakubali kutumiwa zaidi ya nusu bila kuumia.

Betri ya gari iliyochoka usiilete hapa. Imetengenezwa kutoa mkupuo wa sekunde chache wa kuwasha injini. Ukiimaliza kwa kina mara kadhaa, imekufa.

*Gharama.* Kubwa siku ya kwanza, halafu ndogo sana. Kinachorudi ni betri: ya maji ikitunzwa vizuri miaka mitatu minne hivi, lithiamu zaidi ya hapo. Ukiwa tayari una sola nyumbani, nusu ya gharama umeshalipa.

*Nani anaiwasha.* Hakuna mtu. Inverta yenye chaja ndani hukaa kati ya TANESCO na pampu. Umeme ukikatika inabadili yenyewe kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na ukirudi inachaji. Hapa ndipo inapoishinda jenereta, na kwa stoo isiyo na mtu usiku hilo peke yake linatosha kuamua.

*Kinachoharibika.* Nyaya nyembamba. Wati 550 kutoka kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 50, na pampu inapoanza zinapita 150. Fundi akifunga waya wa milimita 10 za mraba wa urefu wa mita tatu, volti zinaporomoka pampu inapoanza, inverta inalia na kuzima, na lawama zinaangukia betri. Waya uwe wa milimita 35, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 150 hadi 200 ikae jirani kabisa na ncha ya betri. Mfumo wa volti 24 wenye betri mbili unapunguza mkondo kwa nusu na unasamehe zaidi. La pili ni radi: kifaa cha kuzuia mruko wa umeme na eathi ya kweli iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu, siyo waya uliofungwa kwenye nondo ya dirisha. La tatu ni la kusikitisha na linajirudia: betri na inverta zimewekwa sakafuni mwa stoo ileile inayofurika. Ziweke juu, usawa wa kifua, penye hewa, kwa sababu betri za maji hutoa haidrojeni zinapochajiwa.

*Inamfaa* mwenye maji ya wastani, pampu ambayo tayari ni nzuri, na umeme unaorudi ndani ya saa nne hadi nane. Pia anayetaka taa na intaneti ya duka ziendelee.

Pampu ya pili ya volti 12

Njia hii ndiyo isiyozungumzwa sana mjini, ingawa kifaa chenyewe ni cha kawaida kwa watu wa maboti: pampu ndogo ya kutoa maji ndani ya boti, inayoendeshwa na betri moja kwa moja. Unaiweka ndani ya kishimo kilekile, sentimita 10 hivi juu ya usawa ambao pampu kubwa huanza kazi, ikiwa na boya lake na bomba lake. Pampu kubwa ikifanya kazi, hii inalala. Isipofanya kazi, kwa sababu yoyote ile, maji yanapanda sentimita 10 na hii inaamka.

Hayo maneno "kwa sababu yoyote ile" ndiyo thamani yake. Jenereta na inverta zinarudisha umeme kwenye pampu, lakini pampu yenyewe ikiwa imeungua kapasita, boya likiwa limenasa kwenye waya, au mfuko wa plastiki umeziba mdomo, umeme wote wa duniani hausaidii.

*Nguvu.* Ndogo. Pampu iliyoandikwa galoni 2,000 kwa saa (galoni za Marekani, kama lita 7,500) huvuta ampea 10 hivi. Ikipandisha mita mbili na nusu tegemea nusu au chini ya hapo: tuseme lita 50 kwa dakika. Kimo kikipita mita tatu na nusu nyingi huishia kutoa kamkojo tu. Soma mchoro wa kimo na lita kwenye karatasi yake. Kama hauna mchoro, jaribu kwa ndoo na ngazi.

*Muda.* Hapa inashangaza. Haina inverta ya kulisha na inatumia chini ya nusu ya umeme kwa kila lita. Betri ileile ya N100 inatoa yafuatayo, jenereta ikiwekwa pembeni kwa kulinganisha:

| Maji yanayoingia | Inverta + pampu ya nusu hosipawa | Pampu ya volti 12 | Jenereta, lita 12 za petroli |
|---|---|---|---|
| Lita 5 kwa dakika | saa 10 hivi | saa 50 | saa 15 |
| Lita 12 kwa dakika | saa 6 | saa 20 | saa 15 |
| Lita 40 kwa dakika | saa 2 | saa 6 | saa 15 |
| Zaidi ya lita 50 kwa dakika | chini ya saa 2 | inazidiwa | saa 15 |

Namba hizi ni za kimo cha mita mbili na nusu kwa pampu ya volti 12 na betri yenye afya. Betri ya miaka mitatu, kata theluthi.

*Gharama.* Ya chini kuliko zote tatu ukihesabu kununua na kuendesha pamoja: pampu, boya, betri, chaja ya ampea 10 inayoweza kuachwa imechomekwa, bomba na valvu. Paneli ya wati 100 yenye kidhibiti inaweza kuchukua nafasi ya chaja, ila kumbuka unaihitaji katika msimu ambao jua linajificha. Siku ya mawingu mazito inaweza kushuka hadi robo ya kawaida yake.

*Nani anaiwasha.* Boya.

*Kinachoharibika.* Waya tena, kwa namna nyingine. Kutoka betri iliyo juu hadi kishimoni mara nyingi ni mita nane. Waya wa milimita 2.5 utapoteza zaidi ya volti moja njiani, na kwa volti 12 hilo linaonekana kwenye maji yanayotoka. Tumia milimita 6. Viungo vya waya visiwe ndani ya kishimo; vikilazimika kuwemo, vifunikwe kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto, siyo selotepu. Na betri inayokaa mwaka mzima bila kazi hufa kimyakimya, kwa hiyo pima volti zake kila mwezi: ikitolewa kwenye chaja na kupumzika saa kadhaa, betri ya maji yenye afya inasoma 12.6 au zaidi.

*Inamfaa* mwenye maji ya taratibu na stoo isiyo ya kina sana, hasa wale wa maji ya chini ya ardhi ambao pampu yao haipumziki.

Mbili za pembeni

Pampu ya injini ya petroli ya inchi mbili, kama zile za kumwagilia bustani, inatoa maji mengi sana: lita 500 kwa dakika kwenye boksi, pungufu kidogo kwa kweli. Haifai kulinda, inafaa kuokoa, pale stoo imeshajaa. Ina masharti yake. Inakaa nje kama jenereta, mpira wa kunyonya uwe mgumu usiobonyea, na kimo cha kunyonya kisipite mita sita au saba. Muhimu kuliko yote, usimalize maji yote kwa pupa wakati udongo wa nje bado umelowa. Maji ya ndani ndiyo yanayousaidia ukuta kusukumana na ya nje. Ukiyaondoa ghafla, ukuta wa tofali unaweza kuingia ndani. Shusha futi moja, weka alama, subiri usiku mzima. Yakirudi juu ya alama, nje bado kuna shinikizo, acha mpaka kesho.

Ya pili si kifaa, ni kishimo kikubwa zaidi. Kishimo cha sentimita 60 kina akiba ya lita 90 kati ya kuwaka na kuzima, ambazo kwa lita 12 za dakika zinajaa kwa dakika saba na nusu. Cha mita moja kwa mita moja chenye nusu mita ya kufanyia kazi kina lita 500, dakika 40 za utulivu bila umeme wowote. Kwa umeme wetu wa kukatika robo saa na kurudi, shimo hilo linaweza kuwa ndiyo akiba yote unayohitaji, na jembe na saruji ni bei nafuu kuliko betri. Lichimbwe mbali na msingi, umbali usiopungua kina cha shimo lenyewe.

Vitu vinavyoangusha njia zote

Valvu ya kuzuia maji yasirudi ikikosekana, bomba zima linamwagika kishimoni kila pampu inapozima na boya linaiwasha tena. Pampu inachemka na betri inaisha kwa kazi ya bure. Ikiwepo, toboa tundu la milimita 3 kwenye bomba chini ya valvu, ndani ya kishimo, hewa ipate pa kutokea, la sivyo pampu inaweza kuzunguka bila kusukuma. Mdomo wa nje uwe mbali na ukuta na upande wa chini wa mteremko. Ni ajabu mara ngapi pampu inatoa maji yaleyale inayorudishiwa na kilima dakika kumi baadaye.

Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, zima swichi kuu na umimine maji kishimoni: kwa kishimo cha sentimita 60 ni ndoo nne na nusu za lita 20 mpaka boya la pampu kubwa linyanyuke, na karibu mbili zaidi kwa lile la volti 12. Fanya hivyo kila mwezi hadi Aprili. Ukiwa na hela kidogo iliyobaki, chukua honi ya pikipiki, boya la pili na waya mrefu, uifunge usawa wa hatari kwenye betri iliyo juu. Itaamsha nyumba nzima, na pengine nyumba mbili za jirani.

Kwa hali yako

Duka lenye stoo chini, limefungwa usiku, maji ya kilima yasiyozidi lita 15 kwa dakika: inverta kama kimo kinapita mita tatu, pampu ya volti 12 kama hakifiki. Bajeti ikiruhusu kimoja tu na pampu kubwa uliyonayo ni ya zamani, anza na ya volti 12, maana itakulinda na uzee wa hiyo kubwa pia.

Gesti au hoteli yenye mlinzi wa usiku: jenereta, na mlinzi afundishwe kuiwasha kwa vitendo, siyo kwa maelezo. Ukiweka pampu ya volti 12 pembeni, mlinzi akisinzia bado una saa kadhaa.

Maji ya lita 50 kwa dakika na kuendelea: betri peke yake zitakufilisi. Jenereta, kishimo kikubwa, na kwanza kabisa mfereji juu ya nyumba unaokatiza maji ya kilima kabla hayajafika ukutani. Mfereji huo unaweza kupunguza namba yako mpaka ukarudi kwenye kundi la kwanza hapo juu.

Ufukweni au bondeni, maji ya taratibu yasiyokoma: pampu ya volti 12 yenye betri ya lithiamu, chaja na paneli. Jenereta iwe ya kuchajia tu pale umeme unapopotea siku nzima. Na bidhaa zipande juu ya chaga. Hakuna pampu inayoshindana na ziwa lililoamua kupanda.

Nyumba ya mteremko mkali yenye kiwanja kirefu: bomba la inchi nne, pampu ibaki ya akiba.

Umepanga: pampu ya volti 12 na betri yake unafungua skrubu unaondoka navyo. Kishimo, bomba na mfereji vinabaki kwa mwenye nyumba, kwa hiyo malizana naye kabla fundi hajagusa sululu, na makubaliano ya kukata kwenye kodi yaandikwe.